Nuru ya Bluu, Chunusi na Ngozi Nyeusi

Mwaka 2000 jarida la British Journal of Dermatology lilichapisha jaribio la Papageorgiou, Katsambas na Chu. Wagonjwa 107 wenye chunusi zisizo kali sana waligawanywa mafungu manne. Fungu moja lilitumia nuru ya bluu, la pili bluu iliyochanganywa na nyekundu, la tatu nuru nyeupe, na la nne halikumulikwa kabisa, lilipewa krimu ya benzoili peroksaidi ya asilimia 5. Wenye taa walijimulika kila siku. Baada ya wiki 12, chunusi zilizovimba zilikuwa zimepungua kwa wastani wa asilimia 76 katika fungu la bluu na nyekundu, kuwashinda waliopaka krimu.

Ninaliheshimu jaribio hili hasa kwa sababu ya lile fungu la nuru nyeupe. Chunusi huja na kupungua zenyewe, na mtu aliyekaa mbele ya taa kila jioni kwa miezi mitatu lazima ajitazame kwenye kioo kwa matumaini. Bila watu waliomulikwa kwa taa isiyotarajiwa kuwa na nguvu, hakuna njia ya kujua kilichofanya kazi ni rangi ya nuru au ni subira ya mgonjwa. Picha za "kabla na baada" zinazosambazwa na wauzaji wa maski za LED, yaani vinyago vya uso vyenye taa ndogo za elektroniki, hazina fungu kama hilo.

Rangi inafanya nini? Bakteria wa chunusi, Cutibacterium acnes, huishi ndani ya vinyweleo, kwenye mafuta, na humo hutengeneza kemikali ziitwazo pofirini. Pofirini hunyonya nuru kwa nguvu zaidi kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 415 hivi, yaani bluu inayokaribia zambarau. Ikishanyonya, huihamishia nguvu hiyo oksijeni iliyo karibu, nayo oksijeni hugeuka kali na kumshambulia bakteria. Hakuna dawa iliyopakwa. Bakteria amejitengenezea mwenyewe sumu yake, taa inaiwasha tu. Lakini bluu haipenyi sana, huishia juujuu ya ngozi. Nyekundu, ya nanomita 630 na kuendelea, hushuka chini zaidi, na hutumiwa kutuliza uvimbe. Namna inavyoutuliza bado inajadiliwa na wanasayansi.

LED ziliingia kwenye tiba hii kwa sababu hutoa rangi iliyobanwa kwenye mawimbi machache, tena bila joto jingi. LED ya bluu yenye mwanga wa kutosha ilipatikana Japani mwanzoni mwa miaka ya 1990, kazi iliyowapa Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Kufikia mwaka 2006 watafiti Goldberg na Russell walikuwa wakiwamulika wagonjwa kwa LED za nanomita 415 na 633 kwa zamu, mara mbili kwa wiki, kwa wiki nne. Walipata nafuu kubwa, ila watu walikuwa wachache na hapakuwa na fungu la kulinganisha.

Kinachosahaulika dukani ni kipimo. Dozi ya nuru ni nguvu ya taa kuzidisha muda. Taa ya kliniki yenye miliwati 40 kwa kila sentimita ya mraba, ikiwashwa dakika 20, hutoa juli 48 kwa kila sentimita hiyo. Maski yenye miliwati 5 ingehitaji saa mbili na dakika 40 kufikia hapo. Maski isiyoandikwa nguvu yake wala nanomita zake haiwezi kulinganishwa na jaribio lolote, hata ikiwa na rangi saba.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, jambo zito liko kwenye melanini, rangi asilia ya ngozi. Mwaka 2010 watafiti wa Henry Ford Hospital, Detroit, walionyesha kwamba nuru tunayoiona kwa macho, hata bila miale ya urujuanimno, huitia weusi ngozi ya watu wa maji ya kunde na weusi, na weusi huo hukaa. Kwa watu weupe sana haukutokea. Mwaka 2014 mtafiti Duteil na wenzake walizipambanisha rangi mbili: nanomita 415 zilileta weusi uliodumu hadi miezi mitatu, 630 hazikuleta. Mwaka 2018 ikaonekana kuwa seli zinazotengeneza melanini zina kipokezi, opsini 3, kinachoihisi bluu moja kwa moja.

Sasa fikiria mteja wa saluni ya Dar es Salaam au Mombasa. Mara nyingi kinachomsumbua zaidi ya chunusi ni madoa meusi zinayoyaacha. Nuru ya nanomita 415 inaweza kumuua bakteria na wakati huohuo kulikoleza doa. Kwa maoni yangu, mtu mweusi mwenye madoa hapaswi kuanza na bluu; akitaka taa, aanze na nyekundu, na daktari wa ngozi ajue. Tathmini ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao unaochambua majaribio ya tiba, iliona ushahidi wa tiba za nuru kwa chunusi kwa sehemu kubwa bado ni dhaifu, kwa hiyo krimu zilizozoeleka hazijapoteza nafasi yao.

Macho nayo yana haki yake. Mwaka 2019 maski ya taa ya chapa ya Neutrogena iliondolewa sokoni kwa tahadhari, kwa kuhofia madhara kwa wenye magonjwa fulani ya macho, ukiwemo ualbino wa macho, na kwa wanaotumia dawa zinazoongeza wepesi wa kuathiriwa na nuru. Doksisaiklini, ambayo wagonjwa wengi wa chunusi huandikiwa, ni mojawapo ya dawa hizo, na muuzaji wa maski anapaswa kuiulizia kabla ya kupokea pesa.