Katiba Iliyojikanusha

Tuitazame, ndugu msomaji, katiba ya mwaka 1907 ya jimbo la Oklahoma, Marekani. Ilishurutisha kuwa Gavana, naibu wake, Mweka Hazina, Mwanasheria Mkuu na hata msimamizi mkuu wa elimu wawe wanaume. Elimu pia! Yaani mwanamke amfundishe mtoto kusoma, lakini asiwe na amri juu ya shule.

Ajabu ni kwamba watungaji hao hao waliacha mlango mmoja wazi: Kamishna wa misaada na magereza aliweza kuwa mwanamume au mwanamke. Mwaka ule ule akachaguliwa Kate Barnard, na hali wanawake wa huko hawakupata haki ya kupiga kura sawa na wanaume mpaka 1918.

Je, alishindwa kazi? Mwaka 1908 aliingia jela ya Lansing, Kansas, walikowekwa wafungwa wa Oklahoma kwa malipo, akafichua mateso yao. Nao wakarudishwa kwao. Alipotetea ardhi za mayatima wa wenyeji asilia, wabunge wakaikatia ofisi yake fedha. Basi kilichowaudhi hakikuwa udhaifu wake.

Sharti lile halikuondolewa ila mwaka 1942, kwa kura za wananchi. Huenda mtu akasema halikudhuru kitu, kwani gavana wa kwanza mwanamke, Mary Fallin, alichaguliwa 2010 tu. Hoja hii haina insafu. Umemfungia mtu mlango miaka 35, kisha wamlaumu kwa kuchelewa kuingia?