Uhakiki wa Vigezo vya Kuchagua Kinanda cha Studio ya Nyumbani Mjini Sumbawanga

Uhakiki huu unachunguza vigezo vya kuchagua vinanda vya kielektroniki na sinthesaiza kwa studio za nyumbani mjini Sumbawanga. Hoja ya msingi ni kwamba idadi ya vibonyezo na wingi wa milio havitoshi kuwa vigezo, kwa kuwa havigusi mpangilio wa vidatu. Kinanda cha kawaida huigawa oktavu katika nusutoni 12 zilizo sawa, kila moja senti 100. Mpangilio huo unazifaa kwaya zinazoimba kwa nota, lakini haubebi muziki wote wa Tanzania. Mfano ni ilimba ya Wagogo, iliyotangazwa duniani na Hukwe Zawose. Vidatu vyake hufuata vizidisho vya sauti ya msingi, na kizidisho cha saba huwa takriban senti 31 chini ya nusutoni iliyo karibu. Kwa hiyo, mtunzi wa Ufipa anayerekodi nyimbo za wazee kwa kinanda kisichorekebishika huwalazimisha waimbaji kukifuata, na rekodi hiyo huweza kurithiwa kama asili. Uhakiki unahitimisha kwamba uwezo wa kurekebisha kila kidatu kwa senti utangulie vibonyezo 88.