Ukakasi wa Mvinyo Mchanga

Chupa mbili zilipanda basi Dodoma alfajiri, zikapita Kondoa, zikashuka Babati mchana. Nilidhani tungeonja jioni ileile. Mama mwenyeji wangu, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mapipa ya Dodoma kabla ya kustaafu na kuhamia Nangara, alizipokea kwa mikono miwili akazisimamisha sakafuni, chumba cha ndani. “Zimetikiswa njia nzima, mwanangu. Ziache zipumzike.”

Zilipumzika siku mbili. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, kabla hajagusa chai wala vitunguu, akafungua moja.

Ulikuwa mvinyo mwekundu wa zabibu za Syrah, wa mavuno ya mwaka jana. Dodoma haina baridi ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo mkulima akipogoa vizuri huvuna mara mbili kwa mwaka. Mama anapenda mavuno ya kiangazi: mvua imekwisha, ukungu umepungua, tunda halijajaa maji.

Aliinamisha glasi juu ya karatasi nyeupe akatazama ukingoni. Rangi ilikuwa ya zambarau lililoiva hadi pembeni kabisa, bila dalili ya wekundu wa tofali unaokuja na umri. Akanusa, akaiweka chini, akanusa tena. Kisha akachukua funda dogo, akalizungusha mdomoni kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu mno, akatema kwenye kopo.

Nami nikaonja. Ufizi ulikauka, ulimi ukashikwa kama nimetafuna ndizi mbichi. Ningekuwa peke yangu ningeirudishia kizibo nikaitafutia mtu mwingine.

Yeye alikuwa anauchambua ukakasi uleule. Unatoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, katika kitu kiitwacho tanini. Aliniuliza umenishika wapi. Kwenye ufizi na mashavuni, nikasema. Akatikisa kichwa kukubali: kokwa zikikamuliwa kupita kiasi, uchungu hukaa nyuma ya ulimi. “Ukakasi hulainika. Uchungu ule utaukuta palepale.”

Hapo ndipo nilipoanza kuiona kazi yenyewe. Vitu vilivyomo ndani ya chupa havizeeki kwa mwendo mmoja. Tanini huungana zenyewe kwa zenyewe na kushikana na rangi, na sehemu yake hutua chini kama mashapo. Kwa hiyo ukali wake hupungua. Harufu ya tunda bichi nayo hufifia, kwa hiyo lazima iwepo ya kutosha tangu mwanzo. Uchachu haubadiliki sana: usipokuwepo leo, hautazaliwa kesho. Mwonjaji anapima akiba tatu na kukisia ipi itaisha kwanza. Kule Bordeaux, Ufaransa, wanunuzi hufanya hivyo kila Aprili, mvinyo ukiwa bado kwenye mapipa ya mwaloni, miezi michache tu tangu mavuno. Mhakiki wa mvinyo Robert Parker wa Marekani alijijengea jina kwa kuusifu mvinyo wa 1982 ungali mchanga, wakati wengine wakiutilia shaka.

Mama hakutoa hukumu siku hiyo. Alirudisha kizibo, chupa ikiwa nusu, akaiacha kwenye kivuli. Hewa hufanya kwa haraka, na kwa ukali zaidi, sehemu ndogo ya kazi ya miaka. Mvinyo dhaifu hulala chali kesho yake. Huu uliamka: ukakasi ulikuwa umelegea, na harufu ya pilipili manga, ambayo jana sikuisikia kabisa, ikapanda. Siku ya tatu ulikuwa bado umesimama, uchachu wake ukiita mate. Tulihesabu kimya kimya ladha ilidumu kiasi gani baada ya kutema. Mimi nilikoma yeye bado ameinua kidole.

“Huu utangoja,” alisema. Ni sentensi yake pekee ya sifa kwa siku tatu, na niliiamini kuliko maneno yote ya lebo.

Chupa ya pili aliipeleka mwenyewe kwenye kreti lililo uvunguni, chumba kilekile cha ndani ambako joto la mabati halifiki. Aliandika mwaka kwa penseli, miaka 5 mbele, akailaza ili kizibo kisikauke. Kisha akaizungusha kidogo, lebo ikatazama juu, mashapo yapate kutua upande mmoja.