Aliyemchoma Liyongo si Mtawala

Kila nisahihishapo insha za wanafunzi kuhusu maudhui ya uongozi mbaya, nakumbana na sentensi ile ile: mtawala ni dhalimu, mbinafsi na mwenye tamaa. Mifano miwili mitatu inafuata, alama zinatolewa, kisha tunahamia nafasi ya mwanamke katika jamii. Siwalaumu vijana. Ni sisi walimu na waandishi wa miongozo tuliowazoesha kufikiri kwamba udikteta ni tabia mbovu ya mtu mmoja. Swali gumu tunaliruka: mtu mmoja, hata awe katili vipi, anawawezaje maelfu?

Fasihi yetu ilikwisha kulijibu swali hili zamani, tena kwa ustadi. Chukua Utendi wa Fumo Liyongo, alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mnamo 1913 kutokana na masimulizi ya kale. Sultani wa Pate anamwogopa Liyongo kwa nguvu zake na kwa jinsi watu wanavyompenda. Anamfunga, Liyongo anatoroka. Anawatumia watu wa nje wamwangamize, wanashindwa. Hatimaye anamwendea mwanawe Liyongo na kumwahidi binti yake awe mke. Kijana anamuuliza babake siri ya kifo chake, anaambiwa ni sindano ya shaba kitovuni, naye anaitumia baba akiwa usingizini. Sultani hakushika silaha yoyote. Alichohitaji ni kujua nani yuko karibu na Liyongo na anatamani nini.

Kithaka wa Mberia aliichukua ngano hiyo na kuijengea tamthilia ya Kifo Kisimani (2001), iliyowahi kutahiniwa katika shule zetu za upili. Humo Mwelusi anauawa na nduguye, Gege, aliyeahidiwa Alida, binti wa Mtemi Bokono. Nikiruhusiwa kuikosoa kidogo kazi hiyo ninayoiheshimu, Bokono ni rahisi mno kumchukia. Ukatili wake umeanikwa peupe kiasi kwamba msomaji anashangaa Wanabutangi walimvumilia kwa nini. Mhusika anayelibeba jibu ni Gege, naye ndiye tunayempa nusu ya aya katika miongozo: "kijana msaliti, mwenye tamaa". Basi, imekwisha! Lakini Gege hazaliwi msaliti. Anatafutwa, anapimwa, anaonyeshwa kitu anachokitaka, na anayekimiliki kitu hicho ni mtawala peke yake.

Sisi wa rika langu hatuhitaji kwenda Butangi kuyaona haya. Mwaka 1978 Daniel arap Moi aliingia madarakani akiahidi kufuata nyayo za mtangulizi wake. Hebu tulitazame neno lenyewe. Anayefuata nyayo hutembea akiwa ameinama, macho ardhini, wala hana haja ya kuuliza njia inaelekea wapi. Muda si muda nyayo za Kenyatta zikawa Nyayo zake yeye, kwa herufi kubwa, na falsafa yake ikawa amani, upendo na umoja. Nani angepinga upendo? Hapo ndipo penye ujanja wa lugha ya namna hii: ukiupinga utawala unaonekana umeyapinga mambo mema ambayo hata mamako anayataka.

Watoto wa shule za msingi wakanywa maziwa ya Nyayo. Yalikuwa matamu, na kwa watoto wengi yalikuwa kitu cha maana. Kukawa na uwanja wa Nyayo, mabasi ya Nyayo, hata gari la Nyayo. Kukawa pia na jumba la Nyayo, ambalo katika vyumba vyake vya chini watu walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya waliteswa katika miaka ya themanini. Jina moja kwa maziwa na kwa mateso. Anayetazama upande mmoja tu hawezi kuuelewa utawala ule, kwa sababu pande hizo mbili zilihitajiana. Aliyepokea alijua anaweza kunyimwa, na aliyesikia minong'ono ya jumba lile alizidi kushukuru kwa alichopewa.

Sheria nayo haikuachwa nyuma. Mwaka 1982 Katiba ilibadilishwa, KANU ikawa chama pekee halali. Mnamo 1986 na 1988 ulinzi wa kikatiba wa kazi za Mwanasheria Mkuu na majaji uliondolewa. Kila hatua ilipitia Bungeni, ikapigiwa kura na watu waliochaguliwa. Mnamo 1984 Rais mwenyewe aliwataka mawaziri wake waimbe kama kasuku, na hakuna aliyedhani anatania.

Mwaka 1988 ukaja mlolongo. Nilisimama katika mstari wa mgombea niliyemtaka, na kwa macho yangu nikaona mstari mfupi ukitangazwa kuwa ndio mrefu. Mzee aliyekuwa mbele yangu aligeuka, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, wewe si umesoma hesabu?" Nilimwambia twende nyumbani. Ubaya wa mlolongo haukuwa kuhesabu tu. Kila mtu alionekana na jirani yake, mwajiri wake na chifu wake, na siri ya kura ikawa haipo tena. Yule mzee aliuliza kwa kunong'ona, nami mwenye shahada nikanyamaza kabisa. Ndiyo maana sina haraka ya kumcheka Gege.

Walikuwapo waliokataa kunyamaza, nao wakalipa. Alamin Mazrui, aliyeandika Kilio cha Haki (1981), aliwekwa kizuizini mwaka uliofuata. Katama Mkangi alizuiliwa mwaka 1986, na baadaye akatupa Walenisi (1995). Jina la riwaya hiyo ukilitamka polepole utasikia "wale ni sisi". Miongozo hulitaja jambo hilo kama mchezo wa maneno tu, ilhali lina shtaka ndani yake.

Ningependa kuona mtihani ukiuliza kuhusu Gege badala ya Bokono. Ningependa pia wanafunzi waisome tena ile sehemu ya utendi ambapo mama yake Liyongo anampelekea mwanawe mikate gerezani. Walinzi wanajilia ile mizuri. Ule wa wishwa wanaudharau, chakula cha watumwa, wanaupitisha bila kuuchunguza. Tupa iliyoikata minyororo ya Liyongo ilikuwa ndani yake.