Joto Linaingilia Wapi? Hesabu ya Barafu ya Kibo

Ukubwa wa barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, umepimwa mara nyingi tangu Fritz Klute alipouchorea ramani mlima huo mwaka 1912. Wakati ule barafu ilifunika zaidi ya kilomita za mraba 11. Kufikia 2011 zilibaki 1.76. Takwimu hizi tunazisikia kila mara, lakini zinatuonyesha kilichopotea tu. Namna kilivyopotea ilibidi itafutwe kwa njia nyingine, na kwa maoni yangu hiyo ni miongoni mwa kazi bora za kisayansi zilizowahi kufanyika juu ya mlima wetu.

Februari 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, akiwamo Douglas Hardy, walisimika kituo cha hali ya hewa kinachojiendesha juu ya barafu ya kaskazini, karibu mita 5,800 kutoka usawa wa bahari. Mwaka 2005 watafiti wa Innsbruck, Austria, wakaweka kingine kwenye barafu ya Kersten, upande wa kusini. Walikuwa na fumbo la kufumbua. Wastani wa joto la hewa huko ni karibu nyuzi 7 chini ya sifuri. Hewa yenyewe ni nyepesi, kanieneo yake ni takriban nusu ya ile ya Dar es Salaam, kwa hiyo hata ingekuwa na joto ingebeba kidogo tu. Sasa barafu inamalizwa na nini?

Walichofanya ni kuweka daftari la joto. Kifaa kimoja hupima miale ya jua inayoshuka, kingine ile inayoakisiwa na kurudi angani. Vingine viwili hufanya hivyo kwa miale ya joto isiyoonekana kwa macho. Upepo, unyevu na joto la hewa navyo huandikwa. Juu ya nguzo kuna kifaa cha mwangwi kinachotuma sauti chini na kusubiri irudi: uso wa barafu ukishuka, safari ya sauti inarefuka. Hicho ndicho shahidi. Ukijumlisha joto lote linaloingia na kutoa lile linalotoka, kinachobaki lazima kilingane na barafu iliyotoweka. Kisipolingana, hesabu ina kasoro.

Joto linalobaki lina njia mbili kuu za kuiondoa barafu. Linaweza kuiyeyusha iwe maji, au kuigeuza mvuke moja kwa moja bila kupita kwenye maji. Tofauti ya gharama ni kubwa mno: kuyeyusha kilo moja ya barafu iliyofika nyuzi sifuri huhitaji kilojuli 334, na kuigeuza mvuke ni kilojuli 2,834 hivi. Hewa ya Kibo ni kavu, na ukavu huo huivuta barafu kwenye njia ya pili. Hapo pana jambo ambalo wengi hawalitarajii: ukavu huohuo unaoila barafu unaichelewesha pia, kwa sababu kila kilo inayoondoka kama mvuke imetumia joto ambalo lingeyeyusha kilo nane.

Theluji mpya ndiyo inayoamua mengi. Huakisi asilimia 80 hadi 90 ya jua. Barafu kuukuu yenye vumbi hunyonya nusu au zaidi. Vuli au masika ikikosa theluji, uso unabaki mweusi na mlango wa joto unakaa wazi kwa miezi. Wahandisi wa Savannah River nchini Marekani, ambako taka za nyuklia zimekuwa zikifungwa ndani ya kioo tangu 1996, wanashughulika na kizuizi cha joto kinachofanana na theluji hiyo. Mchanganyiko wa taka na malighafi ya kioo huelea juu ya kioo kilichoyeyuka kwa nyuzi 1,150 hivi, na povu likijaa katikati, joto halipandi na kazi inazorota. Wao wanahangaika kuondoa kizuizi. Sisi tunaomba kizuizi chetu kirudi kila msimu.

Pembeni mambo ni tofauti kabisa. Barafu ya juu ya Kibo inaishia kwenye kuta zilizosimama wima, nyingi zikitazama kaskazini na kusini. Mwezi Juni jua huwa upande wa kaskazini na kuupiga kwa miale ukuta wa huko. Desemba ni zamu ya kusini. Theluji haishiki ukutani, hivyo kuta hazina kinga. Huku kuyeyuka hutokea, hata hewa ikiwa chini ya sifuri, na ukuta ukisharudi nyuma hauna njia ya kusonga mbele tena.

Matokeo haya yametumiwa vibaya na wanaotaka kudai kwamba ongezeko la joto duniani halihusiki. Sikubaliani nao. Theluji ya Kibo hutegemea unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na bahari inapobadilika mvua nazo hubadilika. Tena Lonnie Thompson, aliyechimba mihimili ya barafu mwaka 2000, alikuta katika mmoja wake viputo vya hewa vilivyorefuka, dalili ya kuyeyuka na kuganda upya, kwenye sentimita 65 za juu tu. Chini ya hapo, katika barafu anayoikadiria kuwa na umri wa hadi miaka 11,700, hakuviona.

Kwetu tunaoishi chini ya mlima kuna hesabu nyingine inayofuata. Barafu inayoondoka kama mvuke haifiki Karanga wala Weruweru. Sehemu kubwa ya maji ya mito hiyo na ya mifongo yetu, yaani mifereji ya kumwagilia, hutoka kwenye ukanda wa msitu, ambako upande wa kusini hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka pamoja na ukungu unaonaswa na miti. Moto umeula msitu wa juu kwa miongo kadhaa. Anayepanga maji ya Moshi aanze kwa kuzuia moto huo na kuirudisha miti iliyoungua, kwa sababu hilo tunaliweza sasa, na fedha zake zinapaswa kutengwa kabla ya kiangazi kijacho.