Kanuni ya Zakaria

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971, husomwa mara nyingi kama onyo kwa wasichana: Rosa alipotoka, Rosa akajiua. Usomaji huo humhukumu binti na kuiacha kanuni iliyomlea bila kuihoji.

Mwanafalsafa Brad Hooker hushikilia kwamba kanuni ya maadili ipimwe kwa matokeo yake pindi ikishaingia mioyoni mwa takriban jamii nzima, na gharama ya kuiingiza humo ihesabiwe pia. Kigezo hiki chaifaa riwaya. Amri ya Zakaria, kwamba bintiye asiwe na mazoea na wavulana, ingeweza kutetewa kwa lengo lake. Lakini ilifundishwa kwa kipigo, na mfundishaji mwenyewe ni mlevi. Ilichopanda ni hofu. Na hofu ilipomtoka Rosa mbali na nyumbani, hakubakiwa na busara ya kumwongoza. Charles naye, anapomkataa kwa kuwa si bikira, anamhukumu kwa kanuni ileile.

Walioipiga marufuku riwaya hii shuleni walichelea athari zake kwa vijana. Kuchelea matokeo si kosa. Kosa ni kuhesabu madhara ya kusema na kusahau yale ya kunyamaza. Sisi tunaolea watoto ughaibuni, tukizidi kukaza kamba kwa kuuogopa mji wa ugenini, tuna sababu ya kuisoma upya, na kujiuliza kanuni zetu zitawaachia nini siku ambayo hatutakuwapo.