Kununua seva yako ao kukodi? Tusome Hansson vizuri

Tangu 2022 kuna maandishi moja ambayo vijana wa informatika wanapenda kututolea kila mara tunapozungumza juu ya seva. Ni ya David Heinemeier Hansson wa kampuni 37signals, kule Marekani, na kichwa chake kinasema kwa nini wanaacha wingu. Yaani wanaacha kukodi mashine za Amazon, wanarudilia mashine zao wenyewe, zinazotumikia kampuni moja tu. Kumbe, wingu la peke yako.

Niyasifu kwanza, juu yanastahili. Hansson anapenda hesabu. Kwa mwaka 2022 kampuni yake ililipa dola milioni 3.2 kwa wingu. Kisha wakanunua seva za Dell za karibu dola 600,000, na katikati ya 2023 kuhama kukaisha. Tena anakubali wazi kwamba kukodi kunafaa watu wa aina mbili: mwenye programu ndogo isiyo na wateja wengi, na mwenye kazi inayopanda na kushuka ghafula.

Sasa, biashara zetu ziko wapi? Koperative ya kahawa inaandika mizigo asubuhi mpaka usiku wakati wa mavuno, halafu miezi mingi mashine inalala. Ndogo, tena ya kupanda na kushuka: siye njo watu wa aina zote mbili kwa mara moja! Lakini anayeleta maandishi hayo kwenye mkutano anataja kichwa tu.

Kuna jambo ambalo ninamlaumu Hansson mwenyewe: anapita haraka sana juu ya mahali seva zake zinalala. Ziko katika vyumba vya kukodi, Chicago na Ashburn, ambako kampuni nyingine inaangalia umeme na baridi. Na watu wa kutunza mashine alikuwa nao tayari. Huku kwetu, ukiweka seva nyuma ya biro, umenunua pia betri, jenereta, mazutu, na kijana wa kuamka saa nane ya usiku. Mtu wa agronomia anajua kwamba bei ya trakta si bei ya kulima.

Wanaotaka kila kitu kiende ngambo, hao pia sikubaliane nao. Tarehe 31 Desemba 2018, kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa katika inchi yetu, ikarudi karibu siku 20 baadaye. Mwenye daftari lake lote Ulaya angelifunguaje? Na tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa. Kuna wateja waliopoteza data juu hawakuwa na kopi mahali pengine. Ulizo la Hansson, kununua ao kukodi, linaficha ulizo hili: kopi yako iko wapi, na unaweza kuisoma bila intaneti?

Kwa koperative ya watu 300 ningekodi mashine ndogo, na kila jioni kopi iingie katika kompyuta ya biro. Wingu la peke yako tulifikirie pale fakture ya mwezi ni kubwa na haibadiliki, ao pale mkataba unakataza data kulala pamoja na za wengine, kama kwa benki. Anayekuambia ununue, umuombe kwanza fakture za miezi 12 iliyopita. Kama hana, mkutano upite kwa jambo lingine.